Kufuma Watana: Mwongozo Kamili wa Mkanda wa Wakechua, Kuanzia Uzi Hadi Kabatini

Chinchero ni mji ulioko zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, si mbali na Cusco, Peru. Mtoto wa huko haanzi kujifunza kufuma kwa nguo kubwa. Hupewa nyuzi chache. Ncha moja huifunga kwenye kidole gumba cha mguu, nyingine kiunoni, akakaa chini na kuanza mkanda mwembamba kama utepe. Mkanda huo huitwa jakima, au watana, neno la Kikechua, lugha ya Wakechua, wenyeji wa milima ya Andes, lenye maana ya "cha kufungia": cha kufungia kofia kidevuni, sketi kiunoni, kifurushi kisifumuke.

Tutaanzia hapo alipoanzia mtoto huyo. Mtu aliyewahi kufuma walau shubiri moja kwa mkono wake akishika nguo ya Kikechua sokoni, vidole vyake vinajua kama kilichotoka mashineni kinajifanya kazi ya mkono. Kwa hiyo tutafuma kwanza, kununua baadaye.

Kuhusu matamshi: ñ ni ny ya "nyama". Q ni ile qaf uliyofundishwa madrasa. Ll ni l iliyotiwa y, kwa hiyo lliklla, shuka ya mabegani ya wanawake, husomwa karibu na "lyiklya". Alama ya mkato juu, kama kwenye ch'uspa, inakuambia herufi ipasuke kooni.

Mtande ndio kila kitu

Wafumi wa pwani yetu wana maneno mawili yatakayotutosha. Mtande ni nyuzi zinazotandwa kwa urefu kabla kazi haijaanza. Mshindio ni uzi unaopita kati yake kwa upana, kwenda na kurudi. Kwenye kikoi unaviona vyote viwili, vimegawana nafasi. Kwenye kazi ya Wakechua mshindio umefichwa kabisa: nyuzi za mtande zimebanana mno hata ule wa upana hauonekani ila pembeni unapogeuka. Rangi zote na mistari yote unayoiona ni mtande.

Maana yake kwa mfumaji ni kwamba rangi huamuliwa siku ya kutanda. Ukikosea mpangilio hapo, hakuna mshindio utakaokuokoa.

Uzi

Kosa langu la kwanza lilikuwa uzi wa sweta. Ulikuwa mlaini, mzuri, wenye manyoya, na kila nilipotaka kufungua mwanya nyuzi zilishikana kama paka na zulia. Nilikata nikatupa. Kinachotakiwa ni uzi mgumu, uliosokotwa sana, usio na manyoya. Kwa mwanzo tafuta uzi wa pamba wa krosheti wenye unene wa milimita 1 hivi. Rangi tatu: nyeusi mita 30, nyekundu mita 18, nyeupe mita 18. Kipimo hicho kina ziada kidogo ya mafundo na makosa.

Kule Andes uzi ni wa alpaka au llama, wanyama wa huko wa jamii ya ngamia, au wa kondoo, huyu wa mwisho akiwa amekuja na Wahispania. Husokotwa kwa pushka, kijiti chenye kisahani cha mbao upande wa chini, ambacho mwanamke hukizungusha huku anatembea, anachunga, anapiga soga. Nyuzi mbili zikishasokotwa kila mmoja peke yake, huunganishwa kwa kusokotwa kinyume, kisha hukazwa tena hadi uzi ukilegezwa tu unajikunja wenyewe kama nywele za kipilipili. Ukakamavu huo ndio unaoufanya mtande uvumilie kupigwa. Upo pia uzi unaosokotwa kuelekea kinyume na kawaida, uitwao lloq'e, yaani wa kushoto. Huwekwa kwa makusudi kwenye baadhi ya nguo, hasa pembeni, kwa imani kwamba humkinga mwenye kuvaa.

Kama umepata sufu nyeupe na unataka nyekundu ya kweli, rangi yake hutoka kwa kochinili, kidudu kinachoishi juu ya mpungate. Peru ndiyo inayozalisha kwa wingi kuliko nchi yoyote. Kwa gramu 100 za sufu iliyooshwa, chemsha kwanza kwa moto mdogo pamoja na gramu 12 za shabu, saa moja, uache ipoe humo humo. Saga gramu 8 za kochinili kavu, chemsha, chuja, tia sufu, pasha saa moja bila kuitokotesha. Ukidondosha maji ya limau kwenye rangi, nyekundu inageuka machungwa mbele ya macho yako, kwa hiyo dondosha kwa akili. Sufuria hiyo isirudi jikoni. Pamba haishiki rangi hii kirahisi. Usijaribu na uzi wa krosheti ukanilaumu. Wasomaji wa Laikipia wanaweza kuwa wamemwona ndugu wa kidudu hiki, aliyeletwa kuumaliza mpungate uliovamia malisho. Ni jamii moja lakini si yule yule anayefugwa Peru.

Vifaa vingine

Vijiti viwili imara vya urefu wa kiganja na nusu. Kijiti cha tatu, chembamba na laini, cha kutenganisha nyuzi. Rula ya mbao yenye ukingo uliopigwa msasa: hii itakuwa kallwa yako, upanga wa kupigia mshindio. Uzi mgumu wa kutengenezea vitanzi, wa rangi isiyofanana na mtande. Na kitu cha kukandamizia nyuzi zinapong'ang'ania. Wakechua hutumia ruki, mfupa wa mguu wa llama uliochongwa ukawa na ncha laini, nami natumia mpini wa kijiko. Mwisho, kanga moja kuukuu.

Hatua ya kwanza: kutanda

Pigilia vigingi viwili uwanjani, umbali wa mita 1.5. Miguu ya meza iliyopinduliwa inafaa pia kama meza haitikisiki. Funga ncha ya uzi mweusi kwenye kigingi cha karibu, nenda nao hadi cha mbali, uzungushe, urudi, lakini kila unapopita katikati nyuzi zikatizane, mwendo wako uchore namba 8 iliyolala. Makutano hayo ya katikati ndiyo roho ya kazi. Ndiyo yanayozigawa nyuzi mbili mbili, moja juu moja chini, bila wewe kuhesabu.

Zungusha nyeusi mara 3. Ukirudi kigingi cha karibu, kata, funga nyekundu hapo hapo kwenye kigingi. Nyekundu iende hadi kigingi cha mbali tu; kata, funga nyeupe; nyeupe irudi. Kata, funga nyekundu tena. Fanya hivyo mara 10, nyekundu ikienda daima na nyeupe ikirudi daima. Malizia na nyeusi mara 3. Sasa una nyuzi 32: 6 nyeusi, jozi 10 za nyekundu na nyeupe, 6 nyeusi. Mafundo yote yawe kwenye vigingi. Fundo likikaa katikati ya mtande litakunasa baadaye, na halitakuwa na haraka.

Kaza kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Watu huanza kwa bidii, wakachoka, nyuzi za mwisho zikalegea. Huko Andes nguo kubwa hutandwa na watu wawili waliokaa wakitazamana, wakirushiana kibonge cha uzi, na ukaidi wa mmoja husawazishwa na mwenziwe. Ukimpata wa kukusaidia, mkalishe.

Kabla ya kung'oa chochote, pitisha uzi wa akiba upande mmoja wa makutano, urudishe upande wa pili, ufunge. Makutano yakipotea umepoteza kila kitu. Halafu toa vigingi, ingiza vile vijiti viwili imara mahali pake.

Hatua ya pili: kujifunga

Kijiti cha mbali kifunge kwenye grili ya dirisha au mguu wa kitanda. Kijiti cha karibu kifungie ncha mbili za kanga, na kanga ipite nyuma ya kiuno chako, chini kidogo kuliko unavyodhani, karibu na nyonga. Kaa sakafuni, nyosha miguu. Ukiegemea nyuma mtande unakazika. Ukiinama mbele unalegea. Mwili wako ni sehemu ya mtambo, na somo lote la mkazo liko mgongoni.

Hatua ya tatu: illawa

Illawa ni vitanzi vinavyonyanyua nusu ya nyuzi kwa mkupuo mmoja. Tazama mtande wako: upande mmoja wa makutano nyekundu ziko juu, upande wa pili nyeupe ziko juu. Upange ili nyeupe ziwe juu upande wa karibu nawe. Zikiwa kinyume, geuza mtande mzima juu chini.

Upande wa mbali wa makutano, ingiza kile kijiti chembamba chini ya nyekundu. Kikae humo hadi mwisho wa kazi. Kisha, upande wa karibu, pitisha ule uzi mgumu chini ya nyuzi zote zilizo juu, yaani nyeupe pamoja na nusu ya nyeusi. Sasa kati ya uzi na uzi, vuta kitanzi kutoka chini kije juu, ukivishe kwenye kidole cha shahada. Uzi mmoja, kitanzi. Unaofuata, kitanzi. Usiruke. Vikiisha, vilinganishe urefu, vifunge pamoja juu kwa fundo. Ukivuta fundo hilo, nyeupe zote zinapaswa kuinuka na nyekundu zote kubaki chini. Ikiinuka nyekundu yoyote, au nyeupe moja ikabaki, fungua urudie. Najua inauma. Kosa hilo moja litaonekana kwenye kila mstari wa mkanda wako, mara 500.

Hatua ya nne: kufuma

Mshindio uwe mweusi, sawa na kingo, ili pale unapogeuka usionekane. Uzungushie kwenye kipande cha kadibodi.

Inama mbele kidogo, vuta illawa juu. Nyeupe zinainuka. Ingiza rula kwenye mwanya, egemea nyuma, piga kuelekea kwako, pitisha mshindio. Huo ni mstari mmoja, na unaonekana mweupe.

Achia illawa. Vuta kijiti chembamba kije karibu na vitanzi huku mkono mwingine ukikandamiza nyuzi za chini. Nyekundu zinapenya katikati ya vitanzi na kuja juu. Zikigoma, zichapechape kwa vidole kama nyuzi za gitaa, au zipitishie mpini wa kijiko. Ingiza rula, piga, pitisha mshindio urudi. Mstari mwekundu.

Sasa siri ambayo ilinichukua wiki nzima: usiuvute mshindio ukakaza ukiwa bado kwenye mwanya ule ule. Acha kikunjo kidogo pembeni. Badili mwanya, piga, halafu ndipo uvute kikunjo kiishe. Hapo ukingo unakaa sawa na nyuzi zinabanana hadi mshindio unazama. Mkanda wangu wa pili ulianza na upana wa vidole vitatu ukaisha na wa kidole kimoja kama ulimi wa kinyonga, kwa sababu nilikuwa navuta kila mstari kwa hasira. Kata karatasi yenye upana wa mkanda wako, sentimita 2 hivi, uilinganishe kila baada ya mistari 10.

Mistari michache ya mwanzo itakuwa mibaya. Mwanzoni nyuzi zimetawanyika juu ya kijiti na zinahitaji kukusanywa. Siku ya kwanza ukifika urefu wa kiganja umefanya kazi. Katika mita 1.5 uliyotanda utapata mkanda wa mita 1 au kuzidi kidogo: mtande hufupika unapofumwa, na kipande cha mwisho hakina nafasi ya vitanzi.

Hatua ya tano: pallay

Mpaka hapa una ngazi ya nyekundu na nyeupe katikati ya kingo nyeusi. Wakechua hugawa nguo katika pampa, uwanda usio na kitu, na pallay, sehemu yenye maumbo. Pallay maana yake ni kuokota, na ndivyo ufanyavyo: unaziokota nyuzi kwa vidole, moja moja.

Hesabu jozi zako 1 hadi 10 kutoka kushoto. Kwenye mstari mwekundu, kabla ya kupitisha mshindio, shusha nyekundu za jozi ya 5 na ya 6, uokote nyeupe zake ziwe juu badala yake. Pitisha mshindio. Mstari mweupe ufume kama kawaida. Mstari mwekundu unaofuata, fanya hivyo kwa jozi ya 4 na ya 7. Unaofuata, ya 3 na ya 8. Kisha rudi: 4 na 7, halafu 5 na 6. Mistari myeupe ya katikati usiiguse.

Umepata umbo la almasi, jeupe juu ya ngazi. Geuza mkanda: lile lile limetokea nyuma, jekundu. Mara ya kwanza nilipoligeuza nilicheka peke yangu. Angalizo moja tu: usiokote uzi ule ule kwenye mistari miwili myekundu inayofuatana, maana utaelea mrefu na kunasa kwenye kila kifungo utakachokutana nacho.

Maumbo yana majina, na majina yanabadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Almasi inaweza kuwa qocha, ziwa, au ñawi, jicho. Chinchero wanajulikana kwa loraypu, umbo la kujikunja kama herufi S, na kwa ñawi awapa, mkanda wa mviringo wenye macho unaofumwa huku ukishonewa papo hapo kuzunguka ukingo wa nguo. Pitumarca wao wamehifadhi ticlla, namna ya kutanda ambamo nyuzi za rangi mbili hunasana katikati ya safari, ili mtande wenyewe ubadilike rangi njiani. Usianze na hiyo.

Ukimaliza, ukiuza mikanda yako, iite mikanda ya namna ya Kikechua. Usiseme imetoka Chinchero.

Kununua kwa jicho jipya

Sasa ukikutana na nguo yenyewe, Cusco au kwenye duka la mbali, jua kwanza unatazama nini. Lliklla hubanwa kifuani kwa tupu, pini ndefu ya chuma. Shuka ya jamaa hiyo hiyo hufungwa mgongoni kubebea mtoto au viazi, na mama yeyote aliyetumia mbeleko ataelewa bila mkalimani. Chumpi ni mkanda mpana wa kiunoni. Ch'uspa ni kijifuko cha majani ya koka. Kama umenunua kilichotumika, kikung'ute vizuri kabla ya uwanja wa ndege, kwa kuwa majani hayo ni haramu katika nchi nyingi. Ch'ullu ni kofia yenye masikio, na hii haifumwi kwa mtambo, hufumwa kwa sindano. Katika kisiwa cha Taquile, ziwa Titicaca, wanaoifuma ni wanaume, na ufumaji wa kisiwa hicho ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Tazama kingo. Nguo ya Kikechua haikatwi kutoka kwenye jora. Hufumwa kutoka ncha moja, mtambo hugeuzwa, ikafumwa kutoka ncha ya pili, na vidole vichache vya mwisho vikamaliziwa kwa sindano kwa taabu kubwa. Kwa hiyo pande zote nne zina ukingo wake wa asili. Ukiona upande uliokatwa na kukunjwa kwa cherehani, hiyo ni ya jora.

Tazama katikati. Lliklla ni vipande viwili vilivyoshonwa kwa mkono. Mshono huo si kiraka wala dosari. Mistari ya pande mbili huwa inakaribiana bila kufanana kabisa. Geuza nyuma: maumbo yawepo, rangi zimebadilishana, kama almasi yako. Nyuma ikiwa na nyuzi ndefu zinazoning'inia kutoka rangi hadi rangi, mashine imehusika.

Omba uzi mmoja wa pindoni uuchome. Sufu na alpaka hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Akriliki huyeyuka ikawa shanga ngumu. Lebo ya "baby alpaca" haina maana ya mtoto wa alpaka bali kiwango cha ulaini wa nyuzi, na imebandikwa kwenye plastiki nyingi kiasi kwamba Cusco wana utani wa kuziita "maybe alpaca", yaani huenda. Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe kibichi kwenye kona.

Mwisho uliza nani ameifuma. Centro de Textiles Tradicionales del Cusco, iliyoanzishwa mwaka 1996 na wafumaji wakiwa na Nilda Callañaupa Alvarez wa Chinchero, inafanya kazi na vijiji vya mkoa huo, na duka lake liko Cusco mjini. Bei yake itakushtua mpaka ukumbuke ulivyotumia siku nzima kupata kiganja kimoja cha upana wa sentimita 2.

Kutunza

Usifue mara kwa mara. Ianike kivulini ipigwe upepo. Ikilazimu, maji baridi na shampuu kidogo, ibonyezwe bila kukamuliwa. Chinchero huoshea sufu kwa mzizi unaotoa povu, ambao sisi hatuna. Iviringishe ndani ya taulo inyonye maji, halafu ilale bapa, isitundikwe.

Adui ni nondo, na pwani kuna unyevu pia. Nguo iliyotoka safari ndefu iweke kwenye mfuko uliofungwa, ikae friza siku 4, itoke siku moja, irudi siku 4 nyingine, ili mayai yaliyonusurika mara ya kwanza yasinusurike ya pili. Kisha iviringishe juu ya bomba la karatasi, uifunge na watana uliyoifuma mwenyewe.